Kukagua fedha taslimu za kampuni: kutoka droo ya keshia hadi barua ya benki

Chukua kampuni ya kuuza mbegu na mbolea. Duka kubwa liko Kisumu karibu na soko la Kibuye, matawi yako Kakamega na Busia, na hesabu za mwaka zinafungwa Desemba 31. Kwenye mizania kuna mstari mmoja tu wa fedha taslimu na visawe vyake, yaani uwekezaji wa muda mfupi unaogeuka pesa haraka. Mstari huo ndio mwepesi kuujumlisha na mwepesi kuuchezea, kwa hiyo ushahidi wake utoke kwa mtu asiyezishika pesa zenyewe.

Anza na orodha ya kila mahali pesa zinapolala: sefu, droo za makeshia, petikashi (pesa za matumizi madogo madogo), akaunti za benki, tili na Paybill za M-Pesa, amana za muda maalum, bili za hazina (mikopo ya muda mfupi kwa serikali). Leja peke yake haitoshi. Pitia kumbukumbu za mikutano ya wakurugenzi uone ni akaunti gani ziliidhinishwa kufunguliwa au kufungwa. Akaunti yenye salio sufuri iingie pia, maana huenda mamilioni yalipita humo katikati ya mwaka.

Kuhesabu pesa zilizo mkononi

Enda bila taarifa, asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Kibuye hufurika watu Jumapili na benki zimefungwa, kwa hiyo sefu ya Kisumu huwa imejaa Jumatatu asubuhi kabla pesa hazijapelekwa benki. Hiyo ndiyo siku ya kuhesabu. Maduka yote matatu yahesabiwe saa ile ile. Kama watu hawatoshi, weka lakiri kwenye sefu ambazo hamjazifikia, la sivyo noti zilizohesabiwa Kakamega saa mbili zinaweza kufika Busia kabla yenu.

Keshia awepo mwanzo hadi mwisho. Ahesabu yeye ukimtazama, kisha uhesabu wewe mbele yake. Usikubali kuachwa peke yako na pesa hata dakika moja: zikipungua, utakuwa mshukiwa. Fungua kila bunda, kwa kuwa noti ya elfu moja juu haikuambii kilicho katikati. Andika idadi kwa kila aina ya noti na sarafu. Noti za zamani za shilingi elfu moja, zilizokoma kuwa halali Oktoba 1, 2019, hazina thamani hata zikiwa safi namna gani.

Ukiambiwa "hizi si za kampuni, ni za chama chetu," zihesabu vilevile na uziandike kando. Zikiachwa nje, zinaweza kuingizwa kimyakimya kuziba upungufu. Mwishoni keshia atie sahihi kwamba pesa zimehesabiwa mbele yake na amerudishiwa zote.

Petikashi ya kiwango maalum huhesabiwa pamoja na vocha zake. Kiwango kikiwa 20,000, ukakuta noti na sarafu 11,350 na vocha za 7,900, jumla ni 19,250: zimepungua 750. Karatasi ya "nimekopa 3,000, nitarudisha mwisho wa mwezi" si fedha taslimu, hata ikiwa ya meneja. Ihamishie kwa wadaiwa. Hundi ya tarehe ya mbele nayo si fedha taslimu mpaka tarehe yake ifike.

Ukihesabu baada ya mwaka kufungwa, rudi nyuma. Tuseme sefu ilikuwa na 86,200 Januari 6. Ondoa mapokezi ya tangu Januari 1, yaani 312,000. Rudisha 290,000 zilizopelekwa benki na 8,400 za matumizi. Desemba 31 zilipaswa kuwepo 72,600. Kila tarakimu kati ya hizo iwe na risiti, vocha au stakabadhi ya benki.

Benki

Barua ya kuthibitisha salio iandikwe kwa jina la kampuni na kutiwa sahihi na wenye mamlaka, lakini uitume wewe na jibu lije kwako moja kwa moja. Likipitia kwa mhasibu, limepoteza nusu ya nguvu yake. Uliza pia kuhusu mikopo, ovadrafti (deni la kutoa zaidi ya salio), watia sahihi, akaunti zilizofungwa ndani ya mwaka, na amana zilizowekwa rehani.

Kisha linganisha benki na daftari. Hizi ni tarakimu za mfano. Taarifa ya benki inaonyesha 1,842,300. Ongeza pesa zilizowekwa Desemba 31 ambazo benki haijaziingiza, 214,500. Toa hundi zilizoandikwa lakini hazijawasilishwa, 97,800 na 36,000. Unapata 1,923,000. Daftari la kampuni linasema 1,936,450. Toa ada za benki 2,450 na hundi ya mteja iliyorudi, 45,000. Ongeza 34,000 ambazo mteja alituma moja kwa moja bila kusema. Unapata 1,923,000 pia.

Wengi hufurahi pande mbili zikikutana na kuishia hapo. Marekebisho ya upande wa daftari yanahitaji maingizo: kwa hundi iliyorudi, debiti wadaiwa, krediti benki, yaani deni la mteja linarudi na salio la benki linapungua. Ya upande wa benki hayaingizwi popote, ila lazima yaonekane kwenye taarifa ya Januari. Zile 214,500 zisipoonekana siku ya kwanza au ya pili ya kazi, huenda hazikuwekwa. Hundi iliyopita miezi sita tangu tarehe yake benki haiilipi tena. Irudishe kwenye pesa za benki na kwa wadai, kisha uulize kwa nini mlipwaji hakuitaka.

Kwa uhamisho kati ya akaunti za kampuni yenyewe, orodhesha wa siku tano kabla na siku tano baada ya Desemba 31, ukiweka tarehe nne kando kwa kando: daftari linalotoa, daftari linalopokea, na taarifa zao mbili za benki. Pesa zikiingizwa akaunti ya pili Desemba lakini kuondolewa akaunti ya kwanza Januari, salio la mwaka limevimba.

M-Pesa

Taarifa ya tili uliyopewa ikiwa faili tayari ni rahisi kuhaririwa. Ipakuliwe ukiona. Halafu angalia laini inayosimamia tili iko kwa nani, nani anajua PIN, na kama meneja aliyeondoka Machi bado anaweza kutoa pesa.

Mauzo huandikwa kabla ya ada kukatwa ilhali zinazofika benki zimekatwa. Tofauti ndogo za kila siku ndizo hizo mara nyingi. Tofauti kubwa huwa na mambo mengine: ujumbe bandia alioonyesha mteja kwenye simu, au malipo yaliyobatilishwa baada ya gunia kupakiwa. Mauzo yaliyolipiwa kwa namba ya mfanyakazi binafsi hayataonekana kwenye tili hata kidogo. Hayo utayakuta kwa kulinganisha magunia yaliyotoka stoo na yaliyouzwa.

Kuziba pengo la mteja mmoja kwa malipo ya mwingine ndiko kunakochelewa zaidi kugunduliwa. Keshia anakula 15,000 za mteja wa kwanza, anamfutia deni kwa pesa za wa pili, na wa pili kwa za wa tatu. Jumla zote zinakubaliana. Kinachomfichua ni tarehe. Chukua risiti thelathini hivi na uzifuate hadi benki jina kwa jina, ukiangalia pia mchanganyiko: risiti za siku hiyo zikisema taslimu 60,000 na hundi 20,000, stakabadhi ya kuweka benki isiseme kinyume. Waandikie wateja wathibitishe madeni yao. Na keshia asiyechukua likizo hata siku moja, mwache aende wiki mbili huku mwingine akikalia kiti.

Visawe na mizania

Kwa mujibu wa IAS 7, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu mtiririko wa fedha, kisawe cha fedha taslimu kwa kawaida hukomaa ndani ya miezi mitatu tangu kununuliwa. Bili ya hazina ya siku 91 huingia. Ya siku 364 iliyonunuliwa mwanzoni haiingii, hata kama Desemba 31 imebakiza wiki mbili. Pata taarifa ya DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ya Kenya unaoweka rekodi za wenye bili na hati fungani za serikali, kuthibitisha umiliki.

Riba ya amana ihesabiwe upya. 2,000,000 kwa asilimia 10 siku 91 ni 49,863. Kodi ya zuio ya asilimia 15 ni 7,479, na 42,384 ndizo huingia benki. Mapato yaandikwe 49,863. Wengi huandika kilichofika benki na kuisahau kodi.

Akaunti moja ikiwa na 1,200,000 na nyingine ovadrafti ya 700,000, usionyeshe 500,000 kwenye mizania isipokuwa kuna haki ya kisheria ya kuzikata na nia ya kufanya hivyo. Amana iliyowekwa rehani itajwe kwenye maelezo ya hesabu. Shilingi za Uganda kwenye droo ya Busia zibadilishwe kwa kiwango cha Desemba 31, si cha siku zilipopokelewa, na tofauti iende kwenye faida au hasara.