Jinsi ya kuangalia muvi ya vita na watoto, wazazi wa Arusha

Kama unataka kuwaonyesha wanao Empire of the Sun ya Steven Spielberg (1987), usiwawekee tu halafu ukaenda jikoni. Iangalie mwenyewe kwanza, ni ndefu, kama masaa mawili na nusu, mi naigawa siku mbili, na chini ya miaka 12 kwangu hapana.

Kabla ya kuplei waambie kwa kifupi tu: ni Shanghai, China, Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani wanaingia mjini, Jim ni mtoto wa Kiingereza. Basi, siasa baadaye. Ikifika pale anaachia mkono wa mama yake kwenye umati ili aokote kindege chake cha kuchezea, wewe simamisha muvi, kaa kimya, waache waongee wenyewe, maana hapo ndo vita inamfika mtoto, sio kwenye mabomu, na mwanangu hapo alinishika mkono bila kusema kitu. Wakiuliza mbona Jim anawapigia saluti marubani wa Kijapani usiwakatize, yeye anapenda ndege tu, adui bado hamjui.

Wikiendi pandeni daladala ya Usa River mshuke Tengeru. Vita hiyohiyo iliwaleta hapo maelfu ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wamama na watoto, na makaburi yao bado yapo. Ombeni ruhusa kwanza, mtembee taratibu, na mtoto akitaka kusoma majina kwa sauti mwache asome.