Somo: sindano ya makunyanzi (Botox) inashika misuli gani, na uso wako utasemaje baada ya hapo

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Hili somo nimeombwa na wengi hasa huu msimu wa harusi, kila mwenye binti anaolewa anataka aingie ukumbini kipaji cha uso kimelainika, na mimi kwa kuwa ni nesi wa kliniki ya ngozi hapa hapa Mombasa naulizwa mpaka ndani ya matatu. Swali huwa ni lilelile, bei ngapi dada. Ni nadra mtu kuniuliza sindano inaenda kushika nini. Basi tuanze na hapo, kwa sababu dawa hii kazi yake ni kulegeza msuli, na misuli ya uso ndiyo inayokusemea kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya 1: jue uso wako kwa kioo

Kaa karibu na dirisha mchana, futa poda na wanja wote. Pandisha nyusi kama umesikia habari ya kushangaza. Ile mistari inayolala kwenye kipaji inaletwa na msuli mpana unaoitwa frontalisi, chini umejishika kwenye ngozi ya nyusi na juu unapanda hadi kichwani, na huo ndio msuli pekee wa kunyanyua nyusi. Hilo la "pekee" lishikeni, tutalirudia.

Sasa kunja ndita, kunja haswa kama mtu amekukanyagia buibui jipya. Mistari miwili inayosimama katikati ya nyusi ni kazi ya misuli ya korugeta, mmoja kila upande, inavuta nyusi ndani na chini, na ule mstari wa kulala juu ya pua ni wa msuli mdogo unaitwa prosera. Mwisho cheka, na iwe cheko ya kweli, mwite mtoto akuchekeshe. Vimistari vinavyotawanyika pembeni mwa macho ni vya obikularisi okuli, msuli unaozunguka jicho zima na ndio huohuo unaolifumba. Daktari mmoja Mfaransa, Duchenne, aliandika tangu 1862 kwamba furaha ya kweli inaonekana kwenye msuli huu wa jicho, maana ule unaovuta pembe za mdomo mtu anaweza kuuamrisha hata akiwa hana raha.

Halafu legeza uso wote usifanye chochote, uangalie mistari ipi imebaki. Iliyopotea ni ya msuli na hiyo sindano inaiweza. Iliyobaki imeshachongeka kwenye ngozi yenyewe, miaka ya jua la pwani imo humo, itapungua kidogo lakini mtu asikuahidi kwamba itafutika kabisa.

Hatua ya 2: jaribio la kope

Hii inarukwa sana na ndiyo inayoleta vilio. Fumba macho, legeza kipaji, mtu akuwekee kiganja juu ya nyusi zisipande, asikubonyeze, halafu fungua macho. Ukiona vizuri, alhamdulillah. Ukihisi kope nzito zimekufunika juu, basi frontalisi yako inakunyanyulia kope mchana kutwa na wewe huna habari, tunaliona sana kwa waliopita hamsini. Mtu kama huyo akilegezwa kipaji chote nyusi zinashuka, kope zinamkalia, akisoma msahafu lazima ainue kidevu ndio aone. Kipaji kitakuwa laini kweli, lakini jioni macho yamechoka na kila mtu anamuuliza mbona una usingizi. Mwambie daktari kabla, atapunguza dawa au atakwambia wewe kipaji tukiache.

Hatua ya 3: dawa inafanyaje kazi

Dawa inatokana na sumu ya bakteria Clostridium botulinum, sumu ileile inayoua watu kwa vyakula vilivyoharibika, hapa inatumika kiasi kidogo mno kilichosafishwa. Mshipa wa fahamu ukitaka msuli ukaze hutoa kemikali inaitwa asetilikolini. Sumu inaingia kwenye ncha ya mshipa na kukata protini iitwayo SNAP-25, bila hiyo kemikali haitoki, kwa hiyo msuli haupati amri. Ni kama taa nzima iliyokatiwa stima, balbu haina shida ila haiwaki. Na sio ganzi, ukiguswa unahisi, mbu akikuuma unahisi.

Ukitoka kliniki huoni kitu. Siku ya tatu mpaka ya tano unaanza kuona uzito fulani ukipandisha nyusi, na kwenye wiki mbili ndio imefika mwisho wake. Kwa hiyo usirudi siku ya nne kudai uongezwe, ngoja wiki mbili. Baada ya miezi mitatu minne mishipa inajirudisha na mistari inarudi, na gharama nayo inarudi, hilo nalo lipigie hesabu. Anayechoma miaka na miaka bila kupumzika msuli unakonda kwa kukosa kazi.

Matumizi haya yalianzia kwa madaktari wa macho. Dkt. Jean Carruthers wa Vancouver, Kanada, alikuwa akitibu kope zinazokazana zenyewe ndipo ikaonekana ndita nazo zinapotea, akaandika na mumewe Alastair mwaka 1992, na Marekani ikaidhinisha Botox kwa mistari ya katikati ya nyusi mwaka 2002.

Hatua ya 4: sura itabadilika vipi

Hapa ndio roho ya somo, msipite mbio.

Misuli ya uso inavutana, mmoja anapandisha wengine wanashusha, ukilegeza upande mmoja ule mwengine unashinda. Ukilegeza korugeta na prosera peke yake, frontalisi inabaki bila mpinzani na nyusi zinanyanyuka kidogo, wengi wanalipenda hilo. Ukilegeza frontalisi peke yake na kuacha zile za kushusha, nyusi zinavutwa chini, mtu amekaa zake lakini anaonekana amenuna. Ndio maana kwenye maelekezo rasmi ya Botox kipaji kinachomwa pamoja na katikati ya nyusi, yuniti (kipimo cha dawa hii) 20 huku na 20 kule, sio kipaji peke yake. Na ikilegezwa katikati ya kipaji pembeni pakaachwa, nyusi zinapaa kwenye ncha na mtu anaonekana ana shari, hilo dawa yake ni tone dogo pale pembeni baada ya zile wiki mbili.

Pembe za macho ni yuniti 24 kwa jumla, 12 kila upande. Mistari inapungua, lakini na ile cheko ya machoni inapungua nayo, mdomo unacheka macho yametulia. Ikishuka chini zaidi kuelekea shavuni inaweza kushika msuli unaovuta mdomo, cheko ikaenda upande.

Sasa nawaambia dada zangu mnaovaa niqabu. Nyinyi mkiwa nje uso wote wa mazungumzo ni macho na nyusi. Muuza samaki Kongowea anajua umekataa bei kwa nyusi, mtoto anajua ashike adabu kwa jicho, jirani anajua umemtabasamia kwa vile vimistari vya pembeni. Kipaji hakionekani na mtu, wewe unaenda kukilipia, halafu unazima kile kidogo watu wanachokusomea! Sisemi msifanye, ni uso wako, ila kaa na daktari umwambie wazi: mimi naonekana macho tu, nataka nyusi zangu ziendelee kusema. Daktari mzuri atakuelewa na ataanza na kidogo. Kuongeza kunawezekana baada ya wiki mbili, kupunguza hakuna, dawa ikishaingia hakuna ya kuitoa.

Na athari haiishii kwa wanaokutazama. Mwaka 2010 David Havas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani waliwapa wanawake sentensi wasome kabla na baada ya kuchomwa ndita, ikaonekana baada ya sindano sentensi za hasira na za huzuni ziliwachukua muda mrefu zaidi kuzielewa, za furaha hazikubadilika. Inaashiria kwamba uso unapokunjana huenda unatusaidia hata kufahamu hisia, na mimi hilo nalichukulia kwa uzito.

Hatua ya 5: kabla hujakaa kwenye kiti

Jina la daktari litafute kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC, iko mtandaoni. Dawa iwe imesajiliwa na bodi ya dawa ya serikali, Pharmacy and Poisons Board. Chupa ya Botox huja na unga mkavu unaochanganywa na maji ya chumvi, omba ichanganywe ukiona, na kabla ya hapo itoke frijini, nyuzi 2 mpaka 8. Joto letu hili mnalijua, chupa iliyozunguka kwenye mkoba wa mtu toka mjini mpaka Mtwapa mimi singeigusa. Uliza umechomwa yuniti ngapi na za dawa gani, uandike, kwa sababu yuniti za Botox na za Dysport, dawa ya aina hii ya kampuni nyengine, si sawa.

Mjamzito na anayenyonyesha asubiri. Mwenye maisthenia gravisi au ugonjwa mwengine wa misuli kulegea asiguse. Ukiwa kwenye dozi ya gentamisini, ile antibiotiki, sema, inaongeza nguvu ya dawa hii.

Hatua ya 6: baada ya sindano

Saa nne za mwanzo usilale, usisugue, usikandwe uso. Siku hiyo mazoezi ya nguvu, mvuke na singo acha. Ukipata shida ya kumeza, kupumua, kuongea au kuona vitu viwili viwili, usingoje kesho, nenda hospitali hapo hapo.

MASWALI YENU

Kutoka Kisauni: Dada, kuhusu kusujudu, nikitoka kuchomwa naweza kuswali?

Mamangu, kipaji kugusa msala kidogo si sawa na kukandwa, lakini kama unataka kuwa na amani chukua miadi ya saa mbili asubuhi, mpaka adhuhuri ya saa sita na nusu saa zako nne zimepita. Kuhusu hukmu ya sindano yenyewe waulize mashekhe, hapo mimi si mahali pangu.

Kutoka Likoni: Saluni yangu wanafanya botox ya nywele, ni hii hii?

Hapana mwanangu, jina tu hilo. Ile ya nywele haina hii sumu, ni dawa za kulainisha nywele. Iulizie kama ina fomalini, hiyo inachoma macho na kifua.

Kutoka Majengo: Nimechomwa wiki iliyopita, leo jicho moja kope imeshuka nusu. Ndio basi?

Pole sana shoga yangu. Dawa imefika kwenye msuli unaonyanyua kope. Itarudi, kwa kawaida ni suala la wiki kadhaa. Rudi kwa daktari aliyekuchoma, kuna matone ya apraklonidini yanainua kope milimita moja au mbili wakati unasubiri. Usikande, na usikubali kuchomwa tena "kusawazisha" jicho la pili. Lakini kama pamoja na kope kuna udhaifu wa mkono au maneno yanakwama, hiyo usiihesabu ni kope tu, nenda hospitali sasa hivi.

Kutoka Bamburi: Harusi ya binti yangu ni mwezi ujao, aende lini?

Wiki nne kabla ni vizuri, mbili za dawa kufika mwisho na mbili za kurekebisha. Wiki ya harusi hapana, hata alama ya damu tu inaweza kubaki. Na kama ana miaka ishirini na kitu na mistari hana, mama, pesa hiyo iongezeni kwenye hina.

Kutoka Tudor: Sindano ya midomo je, ni hiyo hiyo?

Hiyo ni fila, inajaza, hailegezi. Hatari yake ni nyengine, ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi na hata kupofusha. Nitaiandikia somo lake.

Kutoka Changamwe: Sista, mzee wangu uso ulimlegea upande mmoja mwaka juzi, akicheka mdomo unaenda upande. Hii dawa inaweza kumsaidia au ni ya urembo tu?

Kaka, asante kwa kuuliza. Inaweza. Madaktari huichoma kidogo upande ulio na afya ili usiuvute sana ule dhaifu, au pale ambapo mishipa ilirudi vibaya mtu akicheka jicho linajifumba lenyewe. Uso unakaa sawa zaidi, ingawa nguvu ya upande uliolegea hairudishi. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu, sio kliniki ya urembo, na mchukue video akiongea na akicheka nyumbani akiwa hajui, maana mbele ya daktari wazee hukaza uso wasionekane.