Shangazi Awe na Shughuli Mjini: Namna ya Kutengeneza Kitabu cha Picha cha Mtoto

Nina duka la fotokopi huku Kondele, Kisumu. Shule zikikaribia kufungwa, walimu wa PP1 na PP2 (madarasa ya chekechea), pamoja na wazazi wachache, huniletea vitabu vya picha walivyochora wenyewe niwatolee nakala na kuvifunga. Hadithi huwa ni ile ile: mtoto wa kijijini ameletwa Kisumu na shangazi au mjomba. Ukurasa huu makumbusho, ule swala wa hifadhi ya Impala, mwingine ziwa, kisha nyumbani. Karatasi zikianguka sakafuni nikazipanga ovyo, hakuna atakayegundua.

Dawa yake ni kumpa shangazi shughuli. Asije kumtembeza mtoto. Aje kwa haja yake, mtoto amfuate. Tuseme ni fundi wa nguo wa Ahero, mji mdogo mashariki mwa Kisumu, mkanda wa ngozi wa cherehani yake umekatika, na kuna sare za shule zinazongojwa. Sasa kila mlango wanaoingia una swali: upo au haupo? Mji tutauona tu, maana mkanda haupatikani duka la kwanza.

Kabla ya kuchora, ifuate njia yenyewe kwa miguu na daftari. Matatu ya Ahero huingilia Nyamasaria, upande wa mashariki wa mji, kwa hiyo usimchore mtoto akiona ziwa kwanza. Soko la Kibuye liko upande wa Kondele, na ziwa liko upande mwingine kabisa; ukiwatoa Kibuye wakatokea ufukweni ukurasa unaofuata, mtoto wa hapa atakuuliza walipanda nini. Ukifika mahali, chutama. Kwa kimo cha mtoto wa miaka mitano, soko la Jumapili pale Kibuye ni magurudumu ya mikokoteni, mabeseni ya omena, vifundo vya miguu na chini ya meza za mitumba. Mnara wa saa wa barabara ya Oginga Odinga ni ukuta kwanza, halafu shingo inauma. Chora hivyo. Michoro mingi ninayoletewa imechorwa kana kwamba msanii yuko ghorofani, na mtoto amekuwa kidoti.

Shangazi wa vitabuni huongea kama mwalimu wa historia. Ni kweli reli ilifika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, lakini mtu anayetafuta mkanda hana muda huo. Wakikaribia stesheni, mtoto aulize, "Waya (yaani shangazi, kwa Kijaluo), reli hii inaenda wapi?" Naye ajibu, "Nairobi. Shika mkono." Hapo nimemjua shangazi huyu, na reli nimeiona. Mwache pia abishanie bei, amsalimie mtu wa kwao katikati ya barabara wakati mtoto anavuta leso yake. Na mwenye kuuona mkanda awe mtoto, kwa sababu umening'inia chini ya kaunta, mahali ambapo mtu mzima hatazami.

Maneno yawe machache, sentensi moja au mbili kwa kurasa mbili zinazotazamana. Picha ikionyesha mvua, usiandike kwamba mvua inanyesha. Andika anachosema shangazi kuhusu viatu vyake. Swali liweke ukurasa wa kulia, jibu likae nyuma yake, ili mkono wa mtoto uwe na sababu ya kufungua.

Sasa karatasi. Wachapishaji hupenda kurasa 32 kwa kuwa karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili zikatosha kitabu. Wewe huna mtambo, 24 zinatosha. Kunja karatasi 6 za A4 katikati, zipachike moja ndani ya nyingine, andika namba kwa penseli kuanzia mbele hadi nyuma, kisha zitenganishe. Utaona ukurasa wa 24 umekaa ubavuni mwa wa 1, na nyuma yao ni wa 2 na wa 23. Kila upande, jumla ni 25. Ikikosa kuwa 25, simama hapo hapo, usichore. Ukurasa wa 1 ni wa jina, na utabaki na jozi 11 za kurasa zinazotazamana kabla ya ule wa mwisho.

Acha sentimita moja na nusu kila upande wa mkunjo; uso wa shangazi ukiuweka hapo utamezwa. Kama nakala ni za nyeusi na nyeupe, pitisha kalamu nyeusi kwenye mistari yote, kwani penseli hafifu na krayoni ya njano hupotea kwenye mashine.

Jalada liwe karatasi nzito, ya gramu 160 au zaidi. Pini mbili kwenye mkunjo zinatosha, ila stepla ya kawaida haifiki katikati. Uliza dukani kama wana ile ndefu. Karatasi za ndani zitachomoza kidogo upande wa kufungulia, basi mwambie fundi akate ukingo baada ya kupiga pini, si kabla.