Eleza kasoro za kisu cha kukunja kabla ya kutaja bei

Anayeuza kisu cha kukunja kilichokwisha kutumika asiishie kuandika kwamba "kiko katika hali nzuri", kwa kuwa maneno hayo hayamwambii mnunuzi chochote anachoweza kukipima. Tuchukue Opinel namba 8 ya Ufaransa, yenye mpini wa mbao na bapa la chuma cha kaboni, ambalo likiwa jipya huwa na urefu wa sentimita 8.5 hivi. Kipige picha kando ya rula, maana kisu kilichonolewa mara nyingi hupungua upana na ncha yake hurudi nyuma, na upungufu huo haurekebishiki. Tofautisha pia madoa ya kijivu, ambayo ni ya kawaida kwa chuma cha namna hii na hayadhuru, na kutu iliyochimba vishimo, hasa karibu na makali. Usikisugue kwa msasa ili king'ae. Utafuta alama ambazo mnunuzi ana haki ya kuziona.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni pete ya kufungia, iliyoanza kuwekwa kwenye visu hivi mwaka 1955, kwa sababu ikilegea bapa linaweza kujikunja na kumkata mtumiaji vidole. Ifunge, ubonyeze mgongo wa bapa kwa upole kwenye ukingo wa meza huku vidole vikiwa mbali na makali, kisha uandike kama pete inashika, inateleza au bapa linachezacheza. Mpini ukiwa umevimba kwa unyevu hata kisu kikafunguka kwa shida, hilo nalo litajwe, pamoja na jina lolote lililochongwa juu yake.