Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaendesha Usiku Mbele ya Taa Kali za Siku Hizi

Taa za magari zimebadilika na dereva lazima abadilike nazo. Balbu ya halojeni tuliyoizoea hutoa mwanga wa manjano, kiasi cha Kelvin 3,200 (Kelvin ni kipimo cha rangi ya mwanga). Taa nyingi za LED za sasa zinafika Kelvin 5,500 hadi 6,000, weupe unaokaribia ubuluu, na weupe wa namna hiyo huumiza macho zaidi hata pale vipimo vya ukali vinapolingana. Isitoshe, mwanga wote huo hutoka kwenye eneo dogo sana, na magari yenyewe yamekuwa ya juu, kwa hiyo taa ya gari kubwa inakuja usawa wa macho ya aliyekaa kwenye gari dogo. Hali hii haitapungua kesho wala keshokutwa, basi jiandae.

Anza na kioo cha mbele. Kisafishe nje, kisha ndani, maana huko ndani ndiko wengi hawagusi. Plastiki za dashibodi zikipata joto hutoa mvuke unaojenga utando mwembamba kwenye kioo. Mchana huuoni. Usiku taa ya mbele ikiupiga, kioo chote kinawaka mweupe na barabara inapotea nyuma yake. Futa kwa dawa ya vioo, halafu pitisha kitambaa kikavu. Waipa zinazoacha michirizi zibadilishe. Kama unavaa miwani, nayo ifute.

Punguza mwanga wa dashibodi hadi ubaki unaona namba tu. Zima taa ya ndani. Kile kijiti kilicho chini ya kioo cha kati kipo kwa ajili ya usiku: kisukume, taa za anayekufuata zitafifia. Vioo vya pembeni virekebishe kidogo ili mwanga wa nyuma usikupige machoni moja kwa moja.

Kisha geukia taa zako mwenyewe, kwa sababu na wewe kuna mtu unayemtia kiwi. Simamisha gari mahali tambarare mbele ya ukuta, washa taa za chini, utazame mstari wa mwanga unapokatikia. Taa iliyolengwa asilimia 1 chini, kama ilivyo kwenye magari mengi madogo, hushuka sentimita 10 kwa kila mita 10. Ukiona mstari uko sawa na taa yenyewe au umepanda juu yake, mpelekee fundi azirekebishe. Ukijaza buti, pua ya gari inainuka na taa zinapanda nayo. Magari mengi yana kigurudumu kidogo kwenye dashibodi chenye namba kuanzia 0 hadi 3. Namba ikipanda, taa zinashuka. Kitumie, hakikuwekwa kama pambo.

Usichomeke balbu ya LED kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni halafu ukafurahia kwamba sasa unaona vizuri. Kile kioo cha ndani ya taa kilipimwa kwa uzi mwembamba wa halojeni uliokaa mahali pake maalumu. LED haikai palepale, mwanga unatawanyika, na sehemu kubwa inaishia usoni mwa wenzako. Kama gari limetoka nchi wanakoendesha upande mwingine wa barabara, hakikisha taa zimebadilishwa, kwa sababu taa za chini zimetengenezwa zinyanyuke kidogo upande wa ukingo. Zikiwa za upande usio wako, zinanyanyuka kuelekea kwa anayekuja. Na ile plastiki ya taa ikishakuwa ya manjano kwa jua, isugue na kuipaka kinga upya au ibadilishe, maana inapunguza mwanga wako na kuutawanya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba ulisome taratibu. Kiwi hakiishi gari likishapita. Madereva wengi hupambana na taa zikiwa usoni, zikipita wanashusha pumzi na kuongeza mafuta. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Nilikuwa nimekaa kando ya mjomba wangu. Mjomba ameendesha malori na mabasi tangu ujana wake, na hakuna mtu katika ukoo wetu aliyekuwa na wasiwasi akiwa yeye ndiye ameshika usukani. Barabara ilikuwa nyembamba, ya njia mbili, haina taa hata moja, na mshale wa spidi ulikuwa kwenye 80. Mbele likatokea gari la juu lenye taa nyeupe. Mjomba akashusha zake. Yule hakushusha, au pengine alikuwa ameshashusha, kwa magari haya huwezi kujua. Mjomba akainua kiganja kukinga macho, akakunja uso, mguu ukabaki palepale kwenye mafuta. Gari likapita. Nikamsikia akisema "haya," kama mtu aliyemaliza kazi.

Mimi nilikuwa nimegeuzia uso dirishani tangu taa zile zilipotokea, kwa hiyo macho yangu hayakupigwa. Nilipogeuka mbele niliona tairi la baiskeli, kisha mgongo wa mtu. Nikapiga kelele, "Mjomba, mtu!" Yeye alikuwa anatazama palepale nilipokuwa natazama mimi, macho yako wazi kabisa, na akaniuliza, "Wapi?" Breki alizikanyaga akiwa bado haoni. Mtu yule alikuwa anasukuma baiskeli yenye mzigo, kando ya lami, bila kiakisi mwanga hata kimoja. Alivunjika paja. Alipona, ila anatembea kwa fimbo.

Hesabu yake ni hii. Mwanga mkali ukiingia, mboni husinyaa mara moja, lakini chembe za jicho zinazopokea mwanga zinahitaji sekunde kadhaa ndipo zirudi kuona vitu hafifu, na jicho kuzoea giza kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30. Kwa spidi ya 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Sekunde nne za kiwi ni karibu mita 90 ambazo umeziendesha kama kipofu. Mwongozo wa madereva wa Uingereza, Highway Code, unakadiria kwamba kwa mwendo huo unahitaji mita 53 kusimama, barabara ikiwa kavu na wewe unaona. Taa za chini kwa kawaida humulika mita 40 hadi 60 tu. Yaani hata bila kiwi ulikuwa tayari huna akiba.

Kwa hiyo ondoa mguu kwenye mafuta kabla taa hazijakufikia, sio zikishakufikia. Peleka macho kwenye ukingo wa upande wako wa barabara, ufuate mstari mweupe au mwisho wa lami. Gari linalokuja bado utaliona kwa pembe ya jicho. Usikinge kwa kiganja, mikono yote miwili ibaki kwenye usukani. Usimlipize kwa kumwashia fulu, yaani taa za juu, mtakuwa vipofu wawili mnaopishana. Gusa fulu mara moja kumkumbusha, akikataa achana naye. Akishapita, usiongeze mwendo mpaka uone tena nyasi za kando na mashimo ya mbele yako. Kama kuna gari la pili nyuma ya la kwanza, hesabu inaanza upya.

Kuhusu macho yenyewe. Kwa miezi mingi kabla ya siku ile mjomba alikuwa analalamika kwamba magari ya siku hizi yana taa mbaya, na kila aliyemsikia alimkubalia kwa sababu ni kweli. Alipopelekwa kwa daktari wa macho alikutwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ikianza kufanya ukungu inatawanya mwanga ndani ya jicho, na dalili ya mwanzo kwa wengi huwa ni hiyo hiyo, kuchukia taa za usiku na kuona duara za mwanga kuzunguka kila balbu, wakati mchana mtu anasoma gazeti bila shida. Mtu wa miaka 60 mwanga unaofika nyuma ya jicho lake ni kama theluthi ya unaofika kwa kijana wa miaka 20, hata akiwa mzima kabisa. Basi kama wenzako kwenye gari hilohilo hawalalamiki kama unavyolalamika wewe, usiseme ni taa. Nenda ukapimwe, na umwambie daktari wazi kwamba tatizo ni la usiku.

Miwani ya manjano inayouzwa kama ya kuendeshea usiku iache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Ophthalmology uliwajaribu madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, na miwani hiyo haikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu. Lenzi yoyote yenye rangi inapunguza mwanga, na usiku mwanga ndio unaoutafuta. Kama unahitaji miwani ya kuonea barabara, iwe isiyo na rangi na yenye tabaka la kuzuia mng'ao.

Gari lenye fulu inayojiwasha na kujishusha yenyewe lisikupumbaze. Kamera hutafuta taa za magari mengine. Mtembea kwa miguu na mwendesha baiskeli mara nyingi hawana taa za kuonekana, na kwenye kilele cha mlima itachelewa kushuka. Kidole kiwe tayari. Tena, magari mapya huwasha taa ndogo za mchana mbele na dashibodi inang'aa muda wote, ukadhani umewasha taa kumbe nyuma ni giza tupu. Zungusha swichi wewe mwenyewe, shuka uangalie nyuma kabla hujaondoka.

Maji ya waipa yajae. Usiwe na usingizi, maana macho yaliyochoka hukaa na kiwi muda mrefu zaidi. Mvua ikinyesha punguza mwendo tena, lami iliyolowa inarudisha taa usoni na kumeza mistari. Usijibanze nyuma ya lori kwa kufuata taa zake za nyekundu. Hujui yeye anaona nini. Ukishindwa, tafuta pa kuegesha nje kabisa ya barabara, kituo cha mafuta au penye watu, ukae mpaka macho yatulie. Na kama safari inaweza kusubiri alfajiri, isubiri.