Ufunguo Ukigoma: Nilivyobadilisha Silinda ya Swichi kwenye Corolla 110

Corolla yangu iligomea Kibaigwa alfajiri, magunia mawili ya alizeti yakiwa nyuma. Ufunguo unaingia, hauzunguki. Nikatikisa usukani kushoto na kulia huku naujaribu, ukakubali. Anza na hilo kabla hujanunua spea: ukizima gari tairi zikiwa zimekata kona, usukani huibana pini ya loki na ufunguo ukagoma bila ubovu wowote. Wangu ulikuwa ukigoma hata tairi zikiwa zimenyooka.

Pale kuna vitu viwili: silinda unapochomeka ufunguo, na nyuma yake swichi ya umeme yenye waya. Ufunguo ukizunguka vizuri ila taa za dashibodi zinazimika ukiugusa, ichunguze swichi, silinda haina kosa. Fundi mmoja mjini alitaka ninunue seti nzima. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani Nkuhungu.

Chomoa waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Usukani ukiwa na eabegi, subiri dakika kadhaa. Fungua skrubu tatu chini ya shingo ya usukani kwa bisibisi ya nyota, kisha achanisha plastiki zake taratibu. Yangu ilikuwa kavu kwa jua, jino moja likavunjika.

Sasa chomeka ufunguo na uzungushe hadi ACC, hatua ya kwanza, ile ya kuwashia redio. Ubavuni mwa nyumba ya silinda kuna tundu dogo lenye pini ndani. Ibonyeze kwa kitu chembamba kigumu (mimi nilitumia kipande cha spoku ya baiskeli) huku unavuta ufunguo kuja kwako. Nilihangaika nusu saa nikitukana kimoyomoyo, kumbe ufunguo ulikuwa umepita ACC kidogo tu. Nilipourudisha, silinda ikateleza yenyewe, na tope jeusi likanidondokea gotini: vumbi la Dodoma lililokandwa na mafuta ya cherehani niliyokuwa namiminia humo kila ukigoma. Ujinga wangu. Siku hizi natia unga wa grafaiti.

Ufunguo usipozunguka kabisa, ACC huifikii. Muite fundi wa funguo. Zile bolti zisizo na vichwa zinazoshika loki usiziguse, zimetengenezwa hivyo kuwasumbua wezi. Na kama ufunguo wako una chipu ya kuzuia wizi, ihamishie kwenye ufunguo mpya au chipu mpya isajiliwe kwenye gari, la sivyo gari haliwaki.

Silinda mpya nayo iwe ACC, isukume mpaka ufunguo ukiuvuta isitoke. Kabla ya kufunga plastiki, rudisha betri, ujaribu gari likiwa limesimama: ufunguo ukitoka usukani ujifunge, ufunguo ukiwa ON (hatua inayofuata ACC) usukani uzunguke huru. Usukani ukishika hata kidogo ufunguo ukiwa ON, usitoke getini.

Sasa natembea na funguo mbili, mpya ya kuwashia na kuukuu ya milango na buti. Mama watoto ameshafungiwa nje mara mbili.