Jinsi ya Kuhama kutoka Windows 10 kwenda Linux bila Kupoteza Kazi Yako

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 2015 na ambao bado unaendesha kompyuta nyingi za ofisi, shule na steshenari zetu. Mrithi wake, Windows 11, aliyetolewa Oktoba 2021, anadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa Intel ni ya kizazi cha 8 au zaidi. Kwa hiyo kompyuta mpakato ya kizazi cha 6 yenye RAM ya GB 8, ambayo inafungua barua, jedwali na video bila kukwama, imehesabiwa kuwa imepitwa na wakati. Mimi naona jambo hili linamwonea mtu aliyeinunua kwa kudunduliza, hasa huku kwetu ambako mashine nyingi hutufikia zikiwa zimeshatumika Ulaya au zimepitia Dubai. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo, ili ahamie Linux, mfumo endeshi mwingine ulio huria na wa bure.

Kwanza hakikisha kwamba kweli unalazimika kuhama. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika msinfo32, kisha usome mstari wa prosesa. Ukiona i5-6300U, ile 6 inayofuata kistari inakueleza kwamba prosesa ni ya kizazi cha 6. Ukiona i5-8250U, hicho ni kizazi cha 8. Rudia hatua hiyo ukiandika tpm.msc. Ukiambiwa kwamba TPM haipatikani ilhali prosesa ni ya kizazi cha 8, usikimbilie kuhama, kwa sababu mara nyingi chipu hiyo imezimwa tu kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows), ambako kwenye mashine za Intel huitwa PTT na kwenye za AMD huitwa fTPM. Wapo mafundi wanaoweza kuisakinisha Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi masharti, lakini Microsoft yenyewe imesema kwamba mashine ya namna hiyo haina hakikisho la kupata masasisho, na bila masasisho ya usalama utakuwa umerudi pale pale ulipoanzia. Aliyejiunga na mpango wa nyongeza uliotangazwa kwa watumiaji wa nyumbani ana masasisho ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na muda huo unafaa kutumiwa kujiandaa.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Kusakinisha Linux huchukua chini ya saa moja, lakini watu wengi wanaorudi nyuma baada ya wiki mbili huwa hawakushindwa na mfumo, bali walishindwa na mambo mengi mapya yaliyowajia kwa siku moja. Kwa hiyo nashauri uhame programu kabla ya kuhama mfumo. Ukiwa bado kwenye Windows, sakinisha LibreOffice kwa ajili ya nyaraka, Firefox kwa ajili ya intaneti na VLC kwa ajili ya video, kisha uzitumie hizo tu kwa mwezi mzima. Zote tatu zipo pia kwenye Linux, zikiwa na sura ile ile, na siku ya kuhama mikono yako itakuwa imeshazizoea. (Wengi wamesahau kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na LibreOffice ilizaliwa kutokana na OpenOffice mwaka 2010, kwa hiyo programu hii si mgeni kwetu.)

Katika mwezi huo, fungua nyaraka zako halisi, si za majaribio. Chukua ankara unayoitumia kila siku, barua yenye nembo ya ofisi na jedwali la mishahara, uzifungue kwenye LibreOffice na uzichape kwenye karatasi. Dada yangu mwenye steshenari, alipochapa hivyo akiwa tayari kwenye Linux, aligundua kwamba ankara yake ya ukurasa mmoja ilisukuma mstari wa jumla kuu hadi ukurasa wa pili. Chanzo kilikuwa fonti. Nyaraka nyingi za Word huandikwa kwa Calibri, ambayo haipatikani bure nje ya bidhaa za Microsoft, na programu isipoipata huchukua fonti nyingine yenye herufi pana zaidi. Dawa yake ni kusakinisha Carlito, fonti huria ambayo herufi zake zina upana sawasawa na zile za Calibri, na kwa nyaraka za Cambria fonti inayolingana nayo huitwa Caladea. Tulipoiweka Carlito, jumla kuu ilirudi mahali pake.

Yapo pia mambo yasiyo na dawa rahisi, na ni heri kuyajua mapema. Majedwali ya Excel yenye makro nyingi, yaani amri zinazojiendesha ndani ya jedwali, huweza kugoma kwenye LibreOffice. Photoshop, AutoCAD na QuickBooks ya kusakinishwa kwenye kompyuta hazina matoleo ya Linux. Kama riziki yako inategemea moja kati ya hizo, na hukuridhika na mbadala wake baada ya kuujaribu, bakiza Windows kwenye mashine moja na uhamishe zilizobaki.

Sasa tuzungumzie nakala za faili, sehemu ambayo sitaki mtu aivuke haraka. Miaka kadhaa iliyopita nilimhamishia kompyuta mwalimu mmoja wa sekondari. Nilinakili kila kilichoonekana kwenye skrini yake, pamoja na folda ya nyaraka, kisha nikafuta diski. Faili za alama za muhula alizokuwa akizifungua pale kwenye skrini zilikuwa njia za mkato tu, zile ikoni zenye kishale kidogo kwenye kona ya chini kushoto, na faili zenyewe zilikuwa kwenye sehemu nyingine ya diski niliyokuwa nimeshaifuta. Alijumlisha upya alama za madarasa mawili kutoka kwenye daftari lake. Tangu siku hiyo sifuti diski ya mtu kabla mwenyewe hajachomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine na kufungua faili zake moja moja mbele yangu. Kuwa mwangalifu pia na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, kwa kuwa faili yenye alama ya wingu pembeni haipo kwenye diski yako bali iko mtandaoni, na ni lazima uipakue kwanza. Usisahau manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari wala folda ya data ya programu ya hesabu.

Kuna njia iliyo salama kuliko zote ikiwa una uwezo wa kununua diski ndogo ya SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. Toa diski ya zamani pamoja na Windows yake, uiweke kando bila kuigusa, kisha usakinishe Linux kwenye SSD mpya. Kompyuta itapata kasi ambayo huenda haijawahi kuwa nayo, na ukikwama unarudisha diski ya zamani kwa bisibisi moja.

Linux huja kwa sura nyingi, na kwa anayeanza napendekeza ile iitwayo Linux Mint. Toleo lake la 22, lililotoka Julai 2024, litahudumiwa hadi 2029, na mpangilio wake wa menyu hautamshangaza mtu aliyezoea Windows. Ukiwa na RAM ya GB 4 chagua toleo la Xfce, lililo jepesi; ukiwa na GB 8 chagua Cinnamon. Faili la kupakua linakaribia GB 3, kwa hiyo tafuta mahali penye Wi-Fi badala ya kulimaliza bando lako, kisha uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus, ukikumbuka kwamba kila kilichomo kwenye flashi hiyo kitafutika.

Zima kompyuta, chomeka flashi, uwashe huku ukibonyeza F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, au Esc kisha F9 kwenye HP. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Usiwe na haraka hapa. Unganisha Wi-Fi, cheza sauti, fungua kamera, funga kifuniko na ukifungue tena, chapa ukurasa mmoja. Printa za HP kwa kawaida hazisumbui, lakini baadhi ya printa ndogo za leza za zamani hudai programu maalumu za mtengenezaji. Wi-Fi isipoonekana, unganisha simu kwa waya wa USB ili ikupe intaneti, kisha ufungue Driver Manager, ambayo mara nyingi huitafutia programu yake.

Ukiridhika, hakikisha chaja imechomekwa na betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya usakinishaji itabidi uanze upya. Bonyeza ikoni ya kusakinisha, na utakapofika kwenye swali la diski, soma polepole: "Erase disk" maana yake ni kufuta kila kitu. Anayetaka kubakiza mifumo yote miwili kwenye diski moja azime kwanza BitLocker, inayoifunga diski kwa msimbo, na Fast Startup, inayoiwasha Windows kwa haraka, akiwa ndani ya Windows, la sivyo kisakinishi hakitaweza kuigawa diski ipasavyo.

Mfumo ukishawaka, fungua Timeshift na uiweke ihifadhi picha ya mfumo kila wiki, ili sasisho likiharibu kitu uweze kuurudisha ulivyokuwa kabla ya hapo. Kumbuka kwamba picha hiyo ni ya mfumo, si ya nyaraka zako, ambazo bado zinahitaji nakala yake. Baada ya hapo endesha masasisho yote ya mwanzo. Ikiwa ulitoa diski ya zamani na miezi mitatu ikapita bila kuihitaji, inunulie kasha la USB, uhakikishe tena kwamba hakuna kilichosahaulika ndani yake, kisha uifute na uifanye kuwa diski ya kuhifadhia nakala za nyaraka hizo.